Malkia wa Sukuma Aliyekaa Tasmania

Mimi si mlevi. Naliweka hili mbele kabisa, kwa sababu hapa kijijini kwetu Hankenfehn wapo wanaosimulia vingine, na karibu wote walikuwa mezani siku ile, vibilauri vinawaning'inia shingoni. Hawana haki ya kumnyooshea mtu kidole. Nauza vifungo, nyuzi na sufu. Mlevi hawezi kutunga uzi kwenye sindano nyembamba kuliko zote dukani, nami natunga hadi leo bila miwani. Ila Jumamosi moja kwa mwaka, mwezi wa pili, tunapokwenda matembezi ya sukuma, sijidai malaika.

Sisi ni wanawake tisa, Chama cha Alhamisi, ingawa tunakutana Jumanne. Siku ya matembezi tunavuta mkokoteni wa chupa mashambani, kila mmoja na kibilauri chake kwenye kamba, tunabingirisha mpira wa mbao barabarani kwa zamu. Mpira ukitumbukia mtaroni, tunakunywa. Usipotumbukia, tunakunywa pia. Mwisho tunaingia hotelini kwa mzee Bruns kula sukuma, ile yenye majani yaliyojikunja, iliyopigwa na barafu shambani na kupikwa saa mbili nzima na mafuta ya nguruwe na soseji. Aliyemaliza sahani nyingi kuliko wenzake anavishwa utaya wa nguruwe kwa utepe mwekundu, na huyo ndiye malkia wetu. Malkia ndiye anayepanga matembezi ya mwaka unaofuata, na neno lake halipingwi. Udhuru unaokubalika ni kifo peke yake. Mwenyekiti wetu, Heilwig Diers, mjane wa mchinja nyama, ameongeza kwamba marehemu alete cheti mwenyewe.

Sasa nimtaje Alke. Alke Brunßen alizaliwa hapa hapa Hankenfehn, akahamia Tasmania na mumewe Wilko mwaka 1952, kabla mimi sijaolewa huku. Sikuwahi kumwona. Mwaka 1969 gazeti letu la wilaya lilichapa barua yake fupi: je, yuko mtu atakayemtumia mbegu za sukuma ya nyumbani, maana ya kule haina ladha hata ukiipikia machozi. Niliisoma nikiwa nimesimama kaunta, nikacheka peke yangu, na jioni hiyo hiyo nikamwandikia. Sheria za kule zinakataza mbegu kuingia nchini. Basi nilichukua vile vifungo vya kuvishwa kitambaa, kumi na viwili, nikajaza mbegu ndani ya kila kimoja, nikavishona juu ya sweta mbaya kuliko zote dukani ili mtu wa forodha asiitamani.

Alijibu kwa barua ya kurasa tisa. Mbegu zilikuwa zimeota. Vinyama vya kule, ndugu wadogo wa kangaruu, vilikuja usiku vikala safu nzima. "Vimeacha mche mmoja," aliandika, "nadhani kwa heshima." Nilicheka mpaka mume wangu Onno akaja kutazama kama naumwa. Tangu hapo, kila baada ya wiki tatu, siku ya Jumanne, barua. Miaka kumi na mitano. Alijua habari za kifundo cha mguu wangu, za Onno na televisheni yake, za Heilwig anayeimba kanisani kwa sauti ya lori. Nami nilijua kondoo zake kwa majina. Picha tulikubaliana tusitumiane. Wazo lilikuwa langu, maana nilikuwa nimeota kidevu cha pili.

Jambo moja tu aliniomba tangu mwanzo: nimwandikie lolote la Hankenfehn, lakini nisimwandikie habari za nyumba ya mama yake wala za kaburi lake. Sikuuliza kwa nini. Rafiki akikuomba ukae kimya mahali pamoja, unakaa.

Barua iliyoniponza ilifika Februari 1984, siku nne kabla ya matembezi. Niliitia mfukoni. Hotelini, sahani zikiwa zimeanza kutushinda, Heilwig akashusha uma na kutangaza:

"Nne! Nimekula nne. Mwenye tano anyanyue mkono, au nivisheni utaya wangu."

"Yuko mwenye sita," nikasema.

"Nani? Wewe? Wewe umekula moja na nusu, nimekuchunguza."

"Alke wangu. Tasmania. Mwezi wa saba, maana ndiyo baridi yao." Nikaitoa barua. Walinizomea, wakagonga meza, "Soma! Soma!", nami nikasimama juu ya kiti. Nasema kweli, sijawahi kusikilizwa namna ile maishani mwangu. Alke alikuwa ameeleza jinsi alivyopika sukuma peke yake, akajipima kwenye mizani ya magunia ya sufu, akala sahani sita, akajipima tena: kilo mbili na gramu mia tatu zimeongezeka, shahidi ni mbwa. Wanawake walilia kwa kicheko. Mzee Bruns alitoka jikoni na mwiko mkononi. Mtu akanijazia kibilauri, sikumbuki ni cha ngapi, nami kwa ule utamu wa kupigiwa makofi nikageuza karatasi na kusoma ukurasa wa pili.

Ukurasa wa pili haukuwa wao. Ulikuwa wangu.

"Usiniulize tena lini nitakuja," nilisoma kwa sauti ile ile ya kuchekesha, kisha sauti ikaanza kuniishia, lakini mdomo haukusimama. "Bandarini nilimwambia Mama, miaka miwili tu. Alisimama na mkoba wake mpaka meli ikawa ndogo. Miaka miwili ikawa mitano, kisha mashamba, kisha Wilko akaugua, kisha ikaja simu ya maandishi kwamba Mama amezikwa juzi. Gesine, nikisimama mbele ya kaburi lile nitasema nini? Sina la kusema. Ndiyo maana siji."

Halafu walianza kulia, mmoja baada ya mwingine, Heilwig kwa sauti kuliko wote. Akajipangusa kwa kitambaa cha meza, akasimama.

"Sahani sita," akasema. "Sheria ni sheria. Namtangaza Alke Brunßen kuwa Malkia wa Sukuma. Na malkia hawezi kukataa. Katibu, andika!"

Katibu ni mimi. Niliandika pale pale, juu ya karatasi ya menyu, kwamba kikao, baada ya kusikiliza barua yake yote na kulia wote, kimemchagua kuwa malkia na kumwamuru apange matembezi ya 1985. Tukapiga mhuri kwa mafuta ya soseji. Tukaimba mpaka kwenye sanduku la posta lililo nje ya hoteli, na Heilwig akanishika kiuno kuninyanyua, ingawa sanduku liko usawa wa kifua changu. Barua ikaingia.

Jumapili niliamka na kichwa kama ngoma, na kabla sijafungua jicho la pili nikajua nilichofanya. Nimeusoma moyo wa mwenzangu juu ya kiti, hotelini. Na kama haitoshi, nimemwandikia kumjulisha.

Nilichukua ndoano ndefu ya kufumia nikaenda sandukuni. Watu walikuwa wanatoka kanisani. Mchungaji alivua kofia, akanisalimu, akatazama mkono wangu ulioingia sandukuni mpaka kiwiko, akapita bila neno. Nilinasa kadi mbili za pole na ankara ya daktari wa mifugo. Ya kwangu haikunasa.

Jumatatu saa moja asubuhi nilikuwa pale kabla ya Meinert, tarishi wetu. Alifungua sanduku, barua zikamiminika mfukoni mwake, na ile ya menyu niliiona kwa macho yangu, doa la mafuta na yote.

"Meinert, mwanangu, hiyo pale. Nipe."

"Mama Tapken, hii si yako tena."

"Nimeiandika mimi! Stempu nimenunua mimi!"

"Ilikuwa yako mpaka ilipoanguka humo ndani. Sasa ni ya posta, mpaka imfikie mwenyewe."

"Nilikufumia soksi ulipobatizwa."

"Zilinibana," akasema Meinert, akapanda baiskeli. Kwenye kona akageuka. "Tena stempu haitoshi. Lakini nitaongezea mimi, usijali."

Hivyo ndivyo ilivyokwenda Tasmania, kwa msaada wa tarishi mwenye moyo mwema, Mungu amsamehe.

Siku ile ile nilimwandikia Alke kumwomba radhi. Wiki tatu zikapita, Jumanne ikaja, hakuna barua. Nikaandika tena. Sita, tisa, hakuna. Pasaka ikapita, stroberi zikaiva, na Meinert akaanza kuzunguka nyuma ya duka ili asinione nikimngoja mlangoni. Niliandika barua tano kwa jumla. Onno, ambaye kwa kawaida hunena mara mbili kwa siku, alinena mara ya tatu: "Labda amekufa." Nilimrushia bunda la sufu. Angekuwa amekufa ningelia nikamaliza, lakini huyu alikuwa hai, amekaa jikoni kwake, hataki kuniandikia. Nilikuwa nimempoteza rafiki kwa ajili ya makofi ya wanawake wanane na mpishi. Kuna usiku niliziondoa barua zake zote sandukuni, nikashindwa kusoma hata moja.

Januari, wiki nne kabla ya matembezi, Meinert aliingia dukani kwa mlango wa mbele, uso unang'aa, akaweka bahasha kaunta. Stempu za Australia. Mwandiko wake! Kisha nikasoma anwani: "Kwa Chama cha Alhamisi, kwa mkono wa Katibu." Si "Gesine." Katibu. Ndani palikuwa na karatasi mbili na hakuna hata neno moja kwangu. Nilikung'uta bahasha. Nilichungulia ndani kwa taa.

Jumanne nilisoma mbele ya chama, safari hii nimeketi na mbele yangu pana maji:

"Sisi, Alke wa Kwanza, Malkia wa Sukuma kwa hiari ya wanawake waliolewa, tunaagiza. Matembezi yafuate njia tuliyoichora, bila kupindisha na bila kukwepa. Mkokoteni upite kila wanapopita watu. Saa tisa na dakika arobaini alasiri mwe mmefika kwenye alama ya msalaba. Asiyetii atanyimwa soseji."

Vicheko vikaanza. Lakini Heilwig, aliyezaliwa hapa, alikuwa ameivuta karatasi ya pili, ile ramani, na hakucheka.

"Jamani. Hii ni njia ya wabeba maziwa. Hii imekufa zamani. Hapa palikuwa na ubao wa kuvukia mtaro, na huu mti wa peasi... Masikini, ameichora Hankenfehn ya mwaka hamsini na mbili. Hajui."

"Tumwandikie turekebishe," mtu akasema.

"Barua haitawahi," nikasema. "Tena hatanijibu."

"Tuzunguke basi."

Heilwig alijivuta juu, na yeye akijivuta juu ni safari ndefu. "Malkia amesema bila kupindisha. Neno lake linapingwa?"

Halipingwi. Sisi ni watu ambao taa ikiwa nyekundu tunasimama, barabara iwe tupu mpaka upeo wa macho. Tukapiga kura, tisa kwa sifuri, kufuata njia ambayo haipo.

Jumamosi ilikuwa ya theluji nyepesi na jua. Tulianza vizuri. Tatizo la kwanza lilikuwa benki, jengo jipya la matofali ambapo Alke alikuwa amechora kichochoro na bukini wawili. Jumamosi imefungwa. Tulijadiliana kisheria mpaka vibilauri viwili, nikaamua kama katibu: tuguse ukuta wa mbele kwa mikono, tukimbie, tuguse ukuta wa nyuma, na kote katikati tupige kelele za bukini ili njia ihesabiwe. Tulifanya hivyo. Mkokoteni nao tuliugusisha.

Tatizo la pili lilikuwa mtaro. Ubao ulioandikwa "madhubuti" haukuwepo. Heilwig akasema utotoni aliruka hapa kila siku akienda shule.

"Ulikuwa na kilo ngapi?" nikamwuliza.

"Nyamaza, katibu." Akarudi nyuma hatua saba, akaja mbio, ardhi ikatikisika, akaruka, akafika katikati. Maji yalikuwa ya kiunoni. Kutoka humo akatuamuru tumpitishie mkokoteni kichwani kwa kuwa ameshalowa, na kweli ukapita, chupa zote nzima. Tuliobaki tulivuka juu ya ngazi tuliyoiazima shambani, tukitambaa kwa magoti na kucheka hata mmoja wetu akaomba tumwache afie pale.

Nilicheka nami. Lakini kila tulipopita alama yake moja niliona mkono wake: hapa mti wa peasi, hapa kisima, hapa mbwa mkali wa akina Hinrichs. Alikuwa ametembea njia hii yote kwa kalamu, peke yake, na hakutaka kuniambia hata salamu. Nilikunywa na machungu yangu.

Tatizo la tatu lilikuwa nyumba ya mwalimu mstaafu Eilers, iliyokaa juu ya njia ya wabeba maziwa kama kuku juu ya mayai. Mstari wa kalamu uliingia jikoni na kutokea sebuleni. Tulipiga kengele. Alifungua akiwa na joho la kuogea, nyuma yake televisheni inaonyesha watu wanaruka na skii, zile mbao za kutelezea thelujini.

"Mwalimu," akasema Heilwig, maji yanamtiririka, "tunaomba kupita ndani ya nyumba yako."

"Mnakwenda wapi?"

"Upande wa pili."

Mwalimu Eilers alitutazama tisa sote, mkokoteni, utepe, barafu kwenye manyoya ya kofia zetu. Kisha akasema neno moja tu.

"Viatu."

Basi tukavua viatu. Wanawake tisa mlangoni, kamba za viatu zimeganda, mmoja amemshikilia mwenzake, na Heilwig soksi zake zikakamuliwa nje kwanza. Mwalimu alileta kitambaa tukafuta magurudumu ya mkokoteni, moja moja, akakagua. Tukapita jikoni kwa vidole vya miguu, tukapita sebuleni, "samahani, mwalimu", "asante, mwalimu", tukasimama kidogo kwa adabu wakati mtu wa Finlandi anaruka, tukatoka mlango wa bustani. Huko tukakumbuka kwamba viatu viko upande mwingine. Mwalimu akavileta mwenyewe kwenye beseni la nguo, akapewa kibilauri, akakinywa na joho lake theluji ikimwangukia.

"Kesho mtapita tena?" akauliza. Nadhani alitarajia.

Tulikuwa tumechelewa. Saa kumi kasoro dakika chache, na alama ya msalaba iko mwisho wa barabara, ambapo Alke aliandika "kwa Mama". Nyumba ya mama yake ilivunjwa mwaka sabini na tatu. Pamewekwa kituo cha basi, banda la kioo na benchi moja. Sikuwahi kumwandikia, kwa sababu aliniomba nisimwandikie.

Benchini alikuwa ameketi bibi mfupi wa mviringo, na koti la mvua la manjano lisilofaa kwa baridi ile, sanduku katikati ya miguu.

"Mama, utaganda hapo," Heilwig akamwambia. "Basi la mwisho la Jumamosi limeshapita."

"Najua," akasema bibi. "Nimeshuka humo. Mmechelewa dakika ishirini na mbili."

Alisema kwa lafudhi ya bibi zetu, yale matamshi mazito ambayo hapa hayajasikika tangu waliokuwa nayo wazikwe. Hakuna aliyesogea. Mpira wa mbao ulimponyoka mtu mkononi ukabingirika mtaroni, na kwa mara ya kwanza katika historia ya chama hakuna aliyekunywa.

"Nilidhani dereva amenishusha kijiji kingine," akaendelea. "Nimemwuliza mara mbili. Nikamwambia, hapa pana nyumba yenye mlango wa kijani. Akaniambia, bibi, hapa mimi nageuzia basi." Akatutazama mmoja mmoja, kisha akaninyooshea kidole. "Wewe ndiye Gesine."

"Umejuaje?"

"Wenzako wote wananitazama mimi. Wewe unatazama viatu."

Nilitaka kusema mengi, nilikuwa nayo ya mwaka mzima. Yakatoka yote bila mpangilio. "Nilisoma barua yako mbele yao. Na ukurasa wa pili. Nilikuwa juu ya kiti."

"Najua. Uliniandikia mwenyewe, kwa mwandiko uliolewa." Hakutabasamu. "Nilikasirika, Gesine. Nilikasirika mpaka Pasaka. Nilipasua kuni za miaka miwili huku nakuita majina ambayo siwezi kuyarudia mbele ya mwenyekiti."

"Rudia tu," akasema Heilwig.

"Halafu siku moja nikaisoma tena ile menyu yenu. 'Na kulia wote.' Mlilia kweli?"

"Wote," nikasema. "Hata mpishi."

"Basi. Miaka thelathini na miwili nimelia peke yangu kule kwa kondoo. Nikaona, haidhuru, ni zamu yenu."

"Kwa nini hukuniandikia hata mstari mmoja? Nimekuandikia barua tano!"

"Ningeandika ungejua nakuja. Kwenye karatasi sijawahi kuweza kukuficha kitu. Ninazo zote humu sandukuni. Ya tatu ina doa. Nilidhani ni chozi, nikaionea huruma."

"Ni chai," nikakiri.

Hapo alicheka, na alikuwa anacheka kama anavyoandika, kwa kurukaruka, anaishia, anaanza tena. Nikamkumbatia na sanduku lake na koti lake la mvua, mfupi hivi hata kofia yake ikanichoma kidevu, vyote viwili. Wenzangu wakapiga mayowe. Heilwig akamvisha utaya wa nguruwe, akamlowesha kwa kumkumbatia, tukamwekea sanduku mkokotenini na yeye mwenyewe juu ya sanduku, akataka kibilauri, akapewa, akataka cha pili.

Tulipougeuza mkokoteni kuelekea hotelini, akaushika mkono wangu.

"Bado," akasema kwa sauti ya chini. "Ramani yangu imeishia hapa. Kwa kuwa nilipoondoka, Mama alikuwa hai. Makaburini sikuwahi kuijua njia."

Tukauvuta mkokoteni kimya mpaka lango la makaburi, tukamshusha. Wengine walibaki langoni bila kuambiwa. Heilwig alikuwa analia tayari, kwa ile sauti ya lori, akajiziba na kofia.

Tuliingia wawili. Alke alitembea polepole, ananishika mkono wa sweta. Kwenye bomba la maji pana rafu ya chuma, na juu yake zimening'inizwa keni za kumwagilia maua ya makaburi, kila keni na mnyororo wake, kila keni na jina limepakwa rangi. Alke alisimama akazisoma, majina aliyokua nayo. Kisha akagusa ya tatu kutoka mwisho.

"Tapken. Hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Onno si yu hai?"

"Yu hai. Yuko nyumbani anatazama skii."

"Wazazi wako si walizikwa Leer? Uliniandikia."

"Leer, ndiyo."

"Basi unammwagilia nani?"

Nikamvuta mkono tuendelee. Aliniomba nisimwandikie, nami sikumwandikia, lakini hakuniomba nisiende. Tulikata kulia kwenye safu ya nne. Jiwe lilikuwa limefutwa theluji, maana asubuhi nilipita kama kila Jumamosi, na vile vimaua vya zambarau vinavyostahimili baridi vilikuwa vimesimama vizuri. Alke aliangalia jina la mama yake, akaangalia maua, akaniangalia mimi. Alikuwa amesafiri nusu ya dunia akiogopa kwamba hatakuwa na la kusema.

Akavua kofia, akanivuta nisimame karibu.

"Mama," akasema, "huyu ndiye Gesine."

Nikainamisha kichwa kama mtu anayetambulishwa. Sikusema kwamba tunajuana.